Nyayo Zangu Katika Mpunga wa Mama Mkwe

Kama umejifungua na mguu wako ukagoma kurudi, haya nayaandika kwa ajili yako. Utaalamu sina. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, nikalemaa, nikatembea tena, na njia nzima nilikuwa na hasira. Usinitake niandike kwa upole. Wapole walikuja kunitazama kitandani, wakasema "pole, ni mapenzi ya Mungu," wakala wali wetu, wakaondoka kwa miguu yao miwili.

Uchungu ulinishika mwaka wa mvua za Elinino, tukiwa shamba. Huku Kilombero msimu wa mpunga ukifika familia inahama mji, inakwenda kukaa bondeni miezi kadhaa kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu, kulinda ndege na nguruwe. Mama mkwe alisema nisibaki Ifakara peke yangu na tumbo lile, nani angeniangalia? Nikaenda. Maji yakapanda mpaka ngazi ya dungu ikawa haionekani. Uchungu ulianza asubuhi, mtumbwi ukapatikana kesho yake jioni. Muda wote huo mtoto amekwama. Hospitali walimtoa mzima, msichana, tukamwita Upendo. Mimi kutoka kiunoni kwenda chini nilikuwa gunia la mtu mwingine.

Mguu wa kushoto ulirudi kidogokidogo nikiwa bado wodini. Wa kulia haukurudi. Paja lilikuwa bwete, na unyayo ulining'inia. Nikiinua goti, vidole vinabaki vinatazama chini kama vya mtu aliyejinyonga. Samahani, lakini ndivyo vilivyokuwa. Wakanichoma pini, sikusikia kitu.

Ila maji niliyasikia. Hili sikumwambia daktari, nakwambia wewe. Mguu ule usiojua pini ulikuwa unajua maji. Nimelala kitandani, shuka kavu, na mguu nausikia umezama hadi gotini kwenye maji ya shamba, baridi, matope laini chini, majani ya mpunga yanagusagusa shavu la mguu. Nikipapasa, mkavu. Nikiondoa mkono, maji yanarudi.

Tuliporudi nyumbani niliishi mjini, chumba cha kupanga, na mume wangu Anselmi. Mama yangu mzazi alikuja kutoka Malinyi kunihudumia. Mama mkwe alikaa kwake Katindiuka, pembeni mwa mji, nyumba yenye shamba la mpunga nyuma yake. Asubuhi moja nikiwa nimempakata Upendo nilijisahau, nikasimama kama mtu mzima. Mguu ukakunjika. Mtoto akabiringika hadi kwenye mafiga. Moto ulikuwa umezimwa, Mungu mkubwa. Mama mkwe alikuwepo, ameleta mboga. Alimwokota, akamfunga mgongoni, akasema bila kupandisha sauti:

"Huyu anakaa kwangu, Tekla. Siku utakayotoka hapa kwa miguu yako, ukaja Katindiuka, ukaondoka naye mgongoni, mchukue. Lakini mvua zikianza kabla hujaja, naenda naye shamba ng'ambo. Siwezi kukaa mjini kumlinda mtoto asiuawe na mama yake."

Nilimtazama Anselmi. Anselmi alikuwa anatazama sakafu, kama vile sakafu ndiyo imeulizwa.

Upendo aliletwa kunyonya asubuhi na jioni. Kisha jioni tu. Kisha maziwa yakakata.

Hospitali wana chumba cha mazoezi. Nje yake benchi refu, na juu ya benchi watu wa kila aina: aliyeanguka kutoka mnazini, aliyegongwa na trekta, mzee mmoja aliyepooza mkono, tukimwita Mzee Ligoma, ambaye ndiye aliyekuwa na maneno kuliko wote. Ndani, kwenye kona, kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka. Kililetwa na konteina la misaada kutoka ng'ambo, karatasi za maelezo zikiwa za lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Kina pedeli mbili pana kama makasia na vyuma viwili virefu vya kushika. Unasimama juu yake, miguu inazunguka mzunguko mrefu kama yai, vyuma vinakwenda mbele na nyuma kama mikono ya mtu anayetembea. Hakuna hatua inayogusa chini na hakuna unakokwenda. Tuliiita baiskeli ya kusimama.

"Ile siyo baiskeli," alisema Mzee Ligoma. "Ile ni mtu aliyekatwa kichwa. Mtazame akiachwa."

Alikuwa na haki ya kusema. Mgonjwa akishuka, mashine haisimami papo hapo. Inaendelea yenyewe, polepole, mikono mbele, mikono nyuma, pedeli zikipita bila mtu, mpaka ikate tamaa. Mama aliyekuwa anapiga deki mle ndani alikuwa anangoja nje mpaka itulie.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa dada mmoja mfupi, Blandina, ana mikono kama mtwangaji.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama nani?"

"Mama Upendo."

"Upendo yuko wapi?"

"Wamemchukua."

Hakunipa pole. Aliondoa shuka. "Haya, panda. Pedeli iliyo chini ndiyo unayoikanyaga kwanza. Ukianza na ya juu, itashuka na wewe utashuka nayo."

Akaufunga unyayo wangu wa kulia kwenye pedeli kwa kitambaa cha kanga, akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni pangu.

"Usitazame miguu. Tazama ukutani."

"Ukutani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana nakwambia utazame huko."

Nilisukuma. Mguu wa kushoto ulifanya kazi, mikono ikafanya kazi, wa kulia ukabebwa tu, unapanda unashuka, kama maiti inayochezeshwa ngoma. Nilikuwa natembea. Kwa macho ya mtu wa mlangoni nilikuwa natembea kabisa, mgongo wima, na mimi nilijua siyo mimi.

"Mikono inaiba kazi ya miguu," Blandina akasema. "Achia hivyo vyuma virefu. Shika hivi vya katikati, visivyokwenda. Enhe. Sasa nijibu: umekula nini asubuhi?"

"Kwani inakuhusu nini?"

"Pumzi ipo. Ukishindwa kunijibu ndipo nitakusimamisha."

Siku ya kwanza nilikaa juu yake muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Aliponishusha alisema: "Kesho au kesho kutwa mapaja yatauma. Usiogope. Yakiuma, njoo hivyohivyo."

Yaliuma. Niliamka nikashindwa kugeuka. Na la kulia lilikuwa linauma! Paja lile lililokuwa nyama tu ya buchani lilikuwa linauma kama jino. Nikacheka peke yangu. Nikamwita mama, nikamwambia. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na kosa lenyewe lilitokana na furaha.

"Panauma wapi?" mama akauliza.

"Mapajani. Kiunoni. Mabegani pia."

"Kama mtu aliyefanyaje?"

"Kama mtu aliyelima, mama. Kama nimelima siku nzima!"

Mama alifunika sufuria, akakaa chini.

Kama wewe si wa huku, ngoja nikueleze. Kuna watu wanalala wazima na kuamka wamechoka, viungo vinawauma, na watu husema amechukuliwa usiku, amelimishwa shamba la mtu. Mwili umelala kwako, nguvu zako zinamlimia mwingine. Na mwaka ule mpunga wa bonde zima ulizama. Majirani walivuna matope. Shamba la mama mkwe lile la Katindiuka lilisimama, kijani, safi, bila gugu hata moja, la mwanamke mwenye mgongo mbovu na mjukuu kiunoni.

Mama alifunua shuka miguuni pangu. Katikati ya vidole vya mguu wa kulia palikuwa na matope yaliyokauka.

Njia ya chooni kwetu ilikuwa na matope. Huenda yalitoka huko. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Kesho yake alfajiri Anselmi alinipakia kwenye baiskeli hadi Katindiuka, mama akitufuata nyuma kwa miguu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga, vichwa vya mpunga tu vinaonekana. Mama alitupeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye tuta. Alikuwa amekwisha kwenda kuchungulia jana yake.

"Tazama."

Kulikuwa na nyayo. Mguu mtupu, wa mwanamke. Wa kushoto umekanyaga vizuri, kisigino na vidole. Wa kulia hauna kisigino, una mburuzo wa vidole, mstari mrefu kama wa nyoka, kisha alama, kisha mstari. Zilikuwa zinaingia shambani na kuzunguka kila jaruba. Kutoka sikuziona.

Nilishuka kwenye baiskeli nikashikwa na Anselmi. Nikauweka mguu wangu kwenye alama mojawapo. Ulikaa. Kama kiatu.

Mama mkwe alitoka mlangoni, Upendo mgongoni, amelala.

"Karibuni. Mbona mmepita nyuma kama wezi?"

"Hodi tungepigia wapi, Mama Anselmi?" mama akasema. "Shamba limependeza. Vibarua umewapata wapi?"

"Vibarua gani? Mimi na huu mgongo wangu."

"Mgongo wako hauburuti mguu."

Mama mkwe akasogea, akatazama chini. Na hapa nataka kusema ukweli, kwa sababu nilikuwa namchukia na ningependa kukuandikia kingine. Uso wake ulikauka. Alirudi nyuma hatua moja, mkono wake ukaenda mgongoni kumshika mtoto, kama mtu aliyeona chatu. Aliogopa kuliko sisi.

"Mimi sijui hizi," akasema. "Mama Tekla, naapa kwa huyu mtoto, sizijui."

"Usiape kwa mtoto wa mwanangu!"

"Niape kwa nani? Kwako?"

Walirushiana maneno mpaka ukungu ukaisha. Upendo aliamka, akalia, na mimi mwenye mtoto nimeshikiliwa na mume kama mzigo wa kuni.

Mazoezi yakapigwa marufuku. Mama alisema: "Kila wakikufundisha kutembea kule hospitali, yeye anapata mtumwa anayetembea vizuri zaidi. Unamnolea jembe, Tekla." Ubaya ni kwamba neno lake lilikuwa na akili. Nilisoma baiolojia, nilijua misuli ni nini, lakini nilikuwa nimeukanyaga ule unyayo. Nikakaa ndani. Paja likapungua tena, likawa jepesi, ngozi inacheza. Lile la kuhisi maji likarudi kwa nguvu. Mpunga wa Katindiuka ukavunwa, na katika familia hakuna aliyekubali kuula.

Kiangazi wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakasema kama wanavyosema siku zote: mwende mkanyolewe. Hii nayo ni ya kwetu. Kuna waganga upande wa Ulanga ambao hawamtafuti mchawi. Anayeshutumu, anayeshutumiwa na anayeumwa wote wananyolewa pamoja, wanakunywa dawa moja, na kuanzia hapo dawa mbaya ya mtu yeyote kati yao imekufa. Mwenye kosa hatajwi. Na lile jambo haliruhusiwi kuzungumzwa tena. Anayelifufua, linamrudia yeye.

Tukavuka mto kwa pantoni. Kwa mganga kulikuwa na benchi pia, na foleni, na watu wanaotazama magoti yao. Nikafikiri, kumbe benchi ni lilelile. Wembe ulikuwa wa baridi. Mama alinyolewa akiwa amefumba macho. Mama mkwe alipovua kitambaa, nikaona kichwa chake ni kidogo, kama cha mtoto wa shule, kina kovu nyuma ya sikio ambalo sikuwahi kulijua. Anselmi naye. Nywele zetu zote zikaangukia kwenye ungo mmoja, nyeupe na nyeusi, zikafukiwa.

Wakati wa kurudi, kwenye pantoni, muuza samaki mmoja alitutazama vichwa vyetu, akacheka.

"Mmetoka kunyolewa! Nani kati yenu?"

Mama alifungua mdomo. Akaufunga. Mama mkwe alitazama maji. Hakuna aliyeweza kujibu, na hapo hapo, katikati ya mto, nikaelewa nimepewa nini.

"Kesho naenda hospitali," nikasema kwa sauti. "Kwenye ile mashine."

Mama alinigeukia. Lile alilotaka kusema lilikuwa limefukiwa kwenye shimo na nywele zake.

Blandina aliona upara wangu. "Umefiwa?"

"Hapana. Nimenyolewa."

"Haya. Ya chini kwanza."

Nilianza upya kabisa, nyuma ya nilipoishia. Moshi wa mashamba yanayochomwa uliingia dirishani, na masizi yaliangukia begani kwangu nikiwa natembea pale pale. Nilijifunza kusimama wima badala ya kulalia vyuma. Nilijifunza kusukuma kwa kisigino. Alinizungusha kinyumenyume, ambako paja linaungua mahali pengine, na ambako mashine inatoa mlio mdogo kama mtu anayevuta pumzi. Mzee Ligoma alikuwa ananihesabia makosa kutoka benchini: "Kiuno, Mama Upendo! Unakata viuno, hii siyo harusi!" Kwa kweli alinisaidia. Nikiwa nimekasirika nilikanyaga vizuri.

Maumivu yalirudi, yaleyale, ya mtu aliyelima. Mama alinikanda kwa kitambaa cha maji moto bila neno. Aliuma midomo mpaka ikapasuka.

Asubuhi moja mama mkwe alikuja, bila mtoto. Akakaa kwenye mkeka mbali nami kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lile jambo sijaja kulisema."

"Sijasema umekuja kulisema."

"Naleta habari za bustani tu. Nimepanda mchicha nyuma ya nyumba. Namwagilia jioni, asubuhi udongo unakuwa laini." Alikuwa anavuta uzi wa kanga yake. "Mwanzo udongo ulikuwa unaburutwa. Siku hizi hauburutwi. Kisigino, halafu vidole. Kisigino, halafu vidole. Nikasema nije nikwambie habari za bustani."

Akaondoka. Nilitazama mguu wangu. Ulikuwa unaning'inia vilevile, vidole chini.

Zikapita siku chache. Niko juu ya mashine, natazama ukuta wangu usio na kitu, Blandina akasema, "Simama. Tazama chini." Hakuwahi kuniruhusu kutazama chini. Alikuwa amefungua kitambaa bila kuniambia. Pedeli ilikuwa imeganda juu, na mguu wangu wa kulia juu yake, na vidole vilikuwa vimeinuka. Kidogo, unene wa kidole kimoja, vinatetemeka. Nikaviamuru vishuke, vikashuka. Nikaviamuru viinuke, vikainuka. Kwa mara ya kwanza tangu dungu, mguu ulikuwa mkavu.

Usinitumie barua ya kuniuliza nyayo zile zilikuwa za nani. Sijui. Mtaani kulikuwa na mama mwingine mwenye mguu mbovu, na matope yanadanganya. Ninachojua ni kwamba zilipona kabla yangu, na kuna siku nikizifikiria nywele zinanisimama, nywele zenyewe mpya.

Ninachoweza kukwambia wewe uliye kitandani ni haya. Ukipata chumba cha mazoezi, nenda. Kama hawana mashine, Blandina alikuwa anatumia ngazi na kamba vilevile. Nenda hata ukitembezwa kama maiti, maana mguu unajifunza ukiwa bado umekufa. Anza kidogo kiasi cha kuona aibu. Ukishindwa kuongea, punguza. Usishuke mpaka mashine isimame kabisa, mimi niliruka siku moja kwa kiburi na chuma kikanipiga mgongoni. Na mapaja yakianza kuuma, chagua vizuri wa kumwambia.

Mawingu yalianza kukaa juu ya milima. Watu wakaanza kukarabati mitumbwi na kufunga vyombo vya kwenda shamba. Nikaona nisipokwenda sasa, mwanangu anavuka mto tena. Anselmi alitaka anifuate nyuma na baiskeli, "nikuokote ukianguka." Nikamwambia akinifuata nitamrushia mawe. Ilinichukua asubuhi nzima kufika Katindiuka. Nilipumzika penye kila mti. Nilisema kimoyomoyo kisigino, halafu vidole, na sikugeuka kutazama nyuma naacha alama gani barabarani.

Upendo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. Hakuna aliyeniambia ameanza kusimama. Aliniona, akanitazama, kisha akajitupa kwenye kanga ya bibi yake akapiga yowe kama ameona jini.

"Sikumfundisha hivyo," mama mkwe akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Wallahi Tekla, nilikuwa namtajia jina lako kila siku."

"Nifungie wewe mgongoni, mama, nikiinama nitaanguka."

Akampandisha mgongoni kwangu, akazungusha kanga, akakaza fundo kifuani pangu kwa nguvu, akalijaribu mara mbili, akarudi ndani akafunga mlango.

Mtoto alilia njia nzima. Alinipiga mateke kiunoni, akanivuta masikio, akanijambia, akamwita bibi yake kwa pumzi yake yote. Watu walitoka nje kutazama mwanamke anayemwiba mtoto. Mvua nyepesi ikaanza. Kila teke lilishuka hadi kwenye mguu wa kulia, na mguu wa kulia ulilipokea.

Uani mama yangu alikuwa anangoja, amenyoosha mikono ampokee. Nikamwambia asubiri. Nikaizunguka nyumba mzima mzima mara moja, polepole, mtoto analia, mvua inanyesha, kwa sababu naweza.